Bei ya Bando Hupangwa na Nani? Mipaka ya Serikali, Mdhibiti na Soko katika Huduma za Intaneti

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa Kuu ya tarehe 2 Aprili 2021, watumiaji wa simu nchini waliamka na kukuta menyu za vifurushi zimebadilika. Siku hiyo ndiyo iliyopangwa kuanza kutumika kwa utaratibu mpya wa vifurushi uliotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), utaratibu uliokusudiwa kumaliza malalamiko ya muda mrefu ya wananchi. Kilichotokea kilikuwa kinyume chake. Baadhi ya vifurushi vilivyozoeleka havikuonekana tena, na kwa vingine fedha ileile ilinunua kiasi kidogo kuliko jana yake. Siku hiyohiyo Serikali, kupitia wizara iliyokuwa ikiongozwa na hayati Dkt. Faustine Ndugulile, ilitangaza kusitisha bei hizo na kuwaelekeza watoa huduma warejee kwenye vifurushi vya awali.

Tukio hilo liliacha swali ambalo bado huulizwa kila watoa huduma wanapobadili vifurushi vyao. Ikiwa Serikali inaweza kusitisha bei kwa tamko la siku moja, kwa nini isizipange bei hizo yenyewe, kama inavyotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi? Swali ni la haki, na jibu lake linahitaji kueleza kwanza mdhibiti ana nyenzo gani mkononi, kisha ni zipi zinazofanya kazi na zipi zinazogoma.

Kazi ya mdhibiti kisheria

TCRA iliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003, kwa kuunganisha tume mbili zilizokuwa zikisimamia mawasiliano na utangazaji kila moja kivyake. Miaka miwili baadaye, Februari 2005, ulikoma upekee wa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) katika huduma za simu za mezani, na mwaka huohuo ukaanzishwa mfumo mpya wa leseni unaotenganisha miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi na maudhui. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaja kuweka mambo hayo chini ya paa moja.

Msingi wa mabadiliko yote hayo ni mmoja: Serikali ilijiondoa katika nafasi ya muuzaji pekee wa huduma na kuwaachia wauzaji kadhaa washindane, huku chombo kimoja kikisimamia kanuni za ushindani huo. Katika mfumo wa namna hiyo bei ya rejareja, yaani ile anayolipa mwananchi, hupangwa na mtoa huduma. Mdhibiti hupokea bei hizo kwa ajili ya kuzikagua, huweka masharti ya namna zinavyotangazwa, na huingilia pale soko linaposhindwa kujirekebisha lenyewe. Hilo la mwisho ndilo lenye utata, kwa kuwa si kila bei inayomuumiza mnunuzi ni dalili ya soko lililoshindwa.

Pale mdhibiti alipofanikiwa

Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka enzi za mtu kutembea na simu mbili, au simu moja na laini tatu ndani ya pochi. Haikuwa anasa. Kupiga simu ndani ya mtandao uleule kulikuwa nafuu, lakini kupiga kwenda mtandao mwingine kulikula salio kwa kasi, na wafanyabiashara wengi waliona ni heri kununua laini ya kila kampuni kuliko kulipa tofauti hiyo.

Sababu ya tofauti hiyo ilikuwa ni kitu ambacho mteja hakukiona kwenye menyu yoyote: gharama za mwingiliano. Mteja wa kampuni moja anapompigia mteja wa kampuni nyingine, kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji kwa kila dakika, kwa sababu simu hiyo inamalizikia katika mitambo ya mpokeaji. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2013 malipo hayo yalikuwa zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Hakuna kampuni ambayo ingeweza kuuza dakika ya kwenda mtandao mwingine kwa shilingi 60 huku yenyewe ikilipa zaidi ya 100 kwa jirani. Kampuni ndogo ndizo zilizoumia zaidi, maana simu nyingi za wateja wake zilikwenda nje ya mtandao wake, ilhali kampuni kubwa ilikuwa na jamaa na marafiki wa karibu kila mteja ndani ya nyumba yake.

Hapo soko halikuweza kujirekebisha. Ukitaka kuzungumza na mtu fulani, njia ya kumfikia ni moja tu, nayo ni mtandao aliojiunga nao. Kwa simu hiyo, kampuni yake ni muuzaji wa pekee. Kampuni inayopokea simu nyingi haina sababu ya kushusha bei inayoipatia mapato. TCRA ilichukua hatua kwa kutumia hesabu za gharama halisi za kuendesha mtandao. Kuanzia tarehe 1 Machi 2013 kiwango kilishushwa hadi shilingi 34.92 kwa dakika, kisha kikaendelea kushuka kila mwaka hadi shilingi 26.96 mwaka 2017. Uamuzi uliofuata ulikianzisha kwa shilingi 15.60 Januari 2018, ukakishusha hadi 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na shilingi 2.00 mwaka 2022.

Dakika za “mitandao yote” zinazouzwa leo kwenye kila kifurushi zimetokana kwa kiasi kikubwa na ngazi hiyo ya tarakimu. Mdhibiti hakumwambia yeyote auze dakika kwa bei gani. Alishusha gharama moja ya jumla, akaweka ratiba ya miaka mitano inayojulikana mapema, na ushindani ukafanya yaliyobaki. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 mteja aliruhusiwa pia kuhamia mtandao mwingine bila kubadili namba yake, jambo lililomwondolea hofu ya kupoteza wateja au ndugu wanaoijua namba ya zamani.

Data haina mlango mmoja

Wengi walitarajia kwamba kilichowezekana kwa sauti kingewezekana kwa intaneti. Ugumu ni kwamba intaneti haina mlango mmoja wa gharama unaofanana na ule wa mwingiliano. Mwananchi anapofungua video, megabaiti zake zinapita katika mikono minne au mitano, na kila mkono una bei yake.

Mkono wa kwanza uko baharini. Kabla ya mwaka 2009 nchi ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya kimataifa ya intaneti, kwa gharama kubwa na uwezo mdogo. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na mwaka 2023 mkongo wa 2Africa nao ukatia nanga katika mwambao wetu. Umuhimu wa kuwa na njia zaidi ya moja ulijidhihirisha tarehe 12 Mei 2024, pale SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tangu Februari mwaka huo nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa pia zimekatika, kwa hiyo njia ya kaskazini haikuweza kubeba mzigo uliotoka kusini. Huduma zilidorora nchini na katika nchi kadhaa jirani. Siku kama hiyo hakuna kanuni ya bei inayoweza kumsaidia mtumiaji. Kinachomsaidia ni waya mwingine.

Mkono wa pili ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 kwa fedha za Serikali pamoja na mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na ambao unaendeshwa na TTCL. Awamu zake za mwanzo zilifikisha urefu wa kilomita 7,560 na kuyaunganisha makao makuu ya mikoa, pamoja na mipaka ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Kwa kuwa Mkongo ni mali ya umma, hapa Serikali ina nyenzo ya moja kwa moja: bei ya jumla inayotozwa watoa huduma wanaosafirisha data kutoka pwani kwenda Mwanza, Kigoma au Songea. Ni nyenzo inayofanana zaidi na gharama za mwingiliano kuliko nyingine zote, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayostahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko inavyotajwa katika mijadala ya bando.

Mkono wa tatu ni wa kilomita za mwisho, kutoka Mkongo hadi mnara na kutoka mnara hadi simu. Hapo kuna masafa, ambayo ni rasilimali ya umma isiyoongezeka na ambayo TCRA huyagawa kwa leseni au kwa mnada. Mnada wa Oktoba 2022 uliiingizia nchi takriban dola za Marekani milioni 187. Kiasi hicho ni faida kwa Hazina, lakini msomaji makini ataona upande wake wa pili: fedha iliyolipiwa masafa ni fedha ambayo mtoa huduma atataka kuirejesha. Nchi nyingi zimebishana kuhusu jambo hili bila kufikia jibu moja. Kuna wanaosema mnada huwapa masafa wale watakaoyatumia vizuri zaidi. Wengine wangependa bei ya masafa iwe ndogo, kwa sharti kwamba mshindi afikishe huduma katika maeneo yaliyotajwa.

Kuna pia minara yenyewe, ambayo siku hizi nyingi ni mali ya kampuni maalumu zinazokodisha nafasi kwa watoa huduma kadhaa. Mnara mmoja ukibeba mitambo ya kampuni tatu, gharama ya ardhi, ulinzi na umeme hugawanywa. Halafu kuna ada za kupitisha nyaya kwenye hifadhi za barabara, ambazo kwa miaka mingi zimelalamikiwa na wawekezaji kwa kuwa hutozwa na taasisi tofauti kwa viwango tofauti. Hizi ni gharama ambazo mwananchi hazioni, lakini zimo ndani ya kila megabaiti.

Sakafu na dari

Baada ya tukio la Aprili 2021, mjadala ulihamia kwenye bei elekezi. Kiwango kilichotangazwa kwa umma ni kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja ndani ya kifurushi. Kwa hesabu nyepesi ya megabaiti 1,000, hiyo ni kati ya shilingi 2,030 na shilingi 9,350. Upana wa nafasi hiyo unatosha kueleza kwa nini watu wawili wanaweza kununua “jibi moja” siku moja, mtaa mmoja, kwa bei zinazopishana sana, na wote wawili wakawa ndani ya utaratibu.

Dari haihitaji utetezi mrefu. Sakafu ndiyo inayowashangaza wananchi. Kwa nini mdhibiti amzuie mfanyabiashara kuuza rahisi? Sababu inayotolewa ni kwamba kampuni yenye mtaji mkubwa inaweza kuuza chini ya gharama kwa mwaka mmoja au miwili, ikawamaliza washindani wadogo, kisha ikabaki peke yake na kupandisha bei itakavyo. Bei ya namna hiyo humfurahisha mnunuzi leo na kumgharimu kesho.

Hoja hiyo ina uzito, ila uzito wake unategemea kitu kimoja: sakafu iwe imetokana na gharama halisi iliyopimwa, na ipimwe upya kila teknolojia inapobadilika. Mtambo wa kizazi cha nne hubeba data nyingi zaidi kwa kiasi kilekile cha masafa kuliko wa kizazi cha tatu, na wa kizazi cha tano, ambao huduma zake za kibiashara zilianza nchini Septemba 2022, hubeba zaidi tena. Sakafu iliyokuwa sahihi jana inaweza kugeuka kesho kuwa ulinzi kwa kampuni isiyotaka kuboresha mitambo yake. Ndiyo maana ni muhimu tathmini za gharama zifanyike kwa vipindi vinavyojulikana na matokeo yake yaelezwe kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa, kama ilivyofanyika kwa gharama za mwingiliano.

Hapa pia ndipo ulipo ufunguo wa kuelewa kilichotokea Aprili 2021. Kanuni zenyewe nyingi zilikuwa za kumlinda mtumiaji. Zilimtaka mtoa huduma amjulishe mteja matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi. Zilizuia mteja kuhamishiwa kwenye tozo za nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Ziliruhusu kuhamisha sehemu ya data kwenda kwa mtu mwingine, na kuendelea kutumia kiasi kilichosalia iwapo mteja atanunua tena kifurushi hichohicho kabla muda haujaisha. Hakuna mwananchi aliyelalamikia hayo. Lakini kifurushi kina sehemu mbili, masharti na bei. Masharti yalikuwa yameelezwa kwa wananchi mapema, ilhali bei waliziona kwenye simu zao asubuhi ileile ya utekelezaji.

Kwa nini bando lina mwisho wake

Lalamiko lingine linalosikika kila mahali, kwenye daladala na bungeni pia, ni la muda. Mwananchi anauliza: nimelipa fedha yangu, sijamaliza data yangu, kwa nini inachukuliwa saa sita usiku?

Mtandao wa simu haufanani na ghala la mahindi. Kinachouzwa ni nafasi ya kupita kwa wakati fulani, na nafasi isiyotumika saa tisa usiku haihifadhiwi ili itumike saa mbili jioni. Kiti kitupu kwenye basi lililokwisha kuondoka Ubungo hakiwezi kuuzwa tena. Gharama kubwa ya mtoa huduma ni kujenga uwezo wa kuhimili saa za msongamano, yaani jioni watu wanaporudi nyumbani na kufungua simu zao kwa pamoja. Kwa hiyo huuza kwa bei ya chini nafasi zenye ukomo, na vifurushi vya usiku huwa rahisi kuliko vya mchana, ili matumizi yasambae. Kifurushi kisicho na ukomo wa muda kinawezekana na watoa huduma wamewahi kukitoa, ila kwa kawaida bei yake kwa megabaiti huwa juu zaidi.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamalizi suala. Mteja wa kipato kidogo ananunua kifurushi cha siku kwa sababu hana fedha ya kifurushi cha mwezi, na cha siku mara nyingi ndicho ghali zaidi kwa kipimo cha megabaiti. Anayelipa kidogo kidogo hulipa zaidi, kama ilivyo kwa anayenunua sukari ya kupima ikilinganishwa na anayenunua mfuko. Kanuni ya kuendelea kutumia kiasi kilichosalia ililenga kupunguza maumivu hayo, na mwananchi anapaswa kujua kwamba ni haki yake kuiulizia, kwa vile hailetwi na hisani ya kampuni.

Kuhusu lalamiko la bando “kuisha haraka”, sehemu ya maelezo iko ndani ya simu yenyewe. Programu hujisasisha zenyewe bila kumuuliza mwenye simu, picha na video hupakiwa kwenye hifadhi za mtandaoni, na video hujicheza mtu akiwa anapitisha kidole tu. Kasi ikiongezeka, programu nyingi huchagua zenyewe picha ya ubora wa juu, na filamu ya dakika kumi iliyokula kiasi fulani kwenye mtandao wa zamani hula mara kadhaa ya kiasi hicho kwenye mtandao mpya. Kuzima masasisho ya kujiendesha na kushusha ubora wa video huleta tofauti inayoonekana. Hata hivyo haitakuwa sawa kumrudishia mteja lawama yote: ni wajibu wa mtoa huduma kumwonyesha mchanganuo wa matumizi yake anapouomba.

Mnara wa kijijini hulipiwa na nani

Mjadala wa bei hufanyika zaidi mijini. Vijijini swali la kwanza huwa ni kama kuna mtandao wowote. Hesabu ya kibiashara ni kali: mnara unaohudumia kata yenye watu wachache waliotawanyika, unaotumia jenereta kwa kukosa umeme wa gridi na usiofikika masika, unaweza usirudishe gharama zake hata kwa muongo mzima. Soko likiachwa peke yake halitaujenga.

Kwa ajili hiyo ilitungwa Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya mwaka 2006, na Mfuko huo (UCSAF) ukaanza kazi mwaka 2009. Watoa huduma huchangia sehemu ya mapato yao, Serikali huongeza fedha zake na za washirika wa maendeleo, kisha Mfuko hutangaza zabuni za kata zisizo na huduma. Mtoa huduma anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye hupewa kazi ya kujenga. Tarehe 13 Mei 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, zilisainiwa hati za ujenzi wa minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya takriban shilingi bilioni 126.

Hapa kuna mvutano ambao mara nyingi hautajwi wazi. Mchango wa Mfuko hutoka kwenye mapato ya watoa huduma, na mapato hayo hutoka kwenye vifurushi. Kwa maneno mengine, mteja wa Kariakoo huchangia mnara wa Tandahimba kila anapojiunga na bando. Bei ikishushwa kwa amri hadi kampuni ibaki na faida finyu, uwekezaji wa kwanza kuahirishwa utakuwa ule wa maeneo yasiyo na faida. Nalo soko likiachiwa bei bila kikomo, mnara utasimama kijijini lakini wakazi wake hawatamudu kuutumia. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeona alama za mtandao kwenye simu ya mzazi wake na hana shilingi elfu moja ya bando hajafikiwa na huduma kwa maana kamili ya neno hilo.

Sehemu ya kodi

Ukweli hautakamilika bila kutaja kodi. Kwa miaka kadhaa huduma za mawasiliano ya kielektroniki zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu yake Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kwa kuwa ya pili hukokotolewa juu ya bei ambayo tayari ina ya kwanza, kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 1,000 aliyolipa mteja, takriban shilingi 724 ndizo zilizobaki kwa mtoa huduma kabla ya gharama na michango yake mingine. Shilingi 276 zilikwenda Hazina.

Fedha hizo hujenga barabara, shule na zahanati, na sekta ya mawasiliano ni miongoni mwa zile ambazo kodi yake hukusanywa kwa urahisi. Lakini viwango hivyo havipangwi na TCRA. Vinaamuliwa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na mwananchi anayetaka kuvijadili anapaswa kuelekeza hoja yake huko, kwa mbunge wake na katika vikao vya Kamati ya Bunge vinavyopokea maoni ya wadau kabla ya bajeti kupitishwa. Malalamiko mengi yanayofikishwa kwa mdhibiti kuhusu bei yanahusu kwa sehemu jambo ambalo mdhibiti hana uwezo wa kulibadili.

Mwananchi afanye nini

Kwa malalamiko ya kawaida, kama vile salio lililokatwa bila maelezo, kifurushi kilichonunuliwa kisifike au huduma ambayo mteja hakuiomba, hatua ya kwanza ni kuwasilisha lalamiko kwa mtoa huduma na kupata namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa bila hiyo hakuna ushahidi kwamba kampuni ilipewa nafasi ya kurekebisha. Mteja asiporidhika hupeleka suala hilo TCRA, na uamuzi wa Mamlaka unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC), lililoanzishwa kwa sheria ileile ya mwaka 2003 ili kusema kwa niaba ya watumiaji na kuwaelimisha juu ya haki zao.

Kwa masuala makubwa zaidi ya kanuni na viwango, TCRA huitisha mikutano ya wadau na kupokea maoni ya maandishi kabla ya kutoa uamuzi. Katika mikutano hiyo watoa huduma hufika na wanasheria na wachumi wao, wakiwa na majedwali yaliyoandaliwa kwa miezi. Viti vya watumiaji mara nyingi hukaliwa na wachache. Taarifa za mikutano hutangazwa kwenye tovuti ya Mamlaka na katika vyombo vya habari, na maoni ya maandishi yanaweza kutumwa na mtu yeyote, chama cha wafanyabiashara wa soko, umoja wa waendesha bodaboda au kamati ya shule, bila kulazimika kusafiri kwenda ukumbini. Maoni yenye tarakimu husaidia zaidi: kifurushi gani kilinunuliwa, tarehe gani, kwa bei gani, kikadumu kwa saa ngapi.